Jengo la sayansi la chuo: panga hewa kwanza, sola itafuata

Chuo kikipata hela ya kujenga jengo la maabara, neno la kwanza utakalosikia kwenye kikao ni sola. Sola juu ya paa, na picha nzuri ya jengo lenye vioo vitupu mbele, kila mtu anafurahi, alafu jengo linakabidhiwa na mwaka haujaisha mhasibu anaulizwa mbona bili ya umeme iko hivi. Mimi vikao vya namna hiyo nimekaa vingi na inaniuma, kwa sababu hela za vyuo vyetu ni chache na mwanafunzi wa sayansi anastahili maabara ambayo miaka 15 baadae bado inafanya kazi, bado ina maji, na mtu hatoki humo anakohoa. Kwahiyo naandika hapa namna ya kulipanga jengo lenyewe, kwa mpangilio ambao mimi ningeufuata. Nachukulia tuko pwani, tuseme Dar, Bagamoyo, Tanga au Mtwara, jengo la ghorofa mbili hivi lenye maabara za kemia, fizikia na baiolojia, madarasa machache na ofisi za walimu. Ukiwa Iringa au Nairobi kuna vitu vitabadilika, ntavigusa tukifika.

Anza na kinachokula umeme

Darasa la kawaida linataka taa, feni na projekta, basi. Maabara ni habari nyingine, na ndani ya maabara ya kemia mlaji mkubwa ni fyumu chemba, lile kabati la kioo la kufanyia majaribio yenye moshi mkali. Piga hesabu mwenyewe uone. Ili moshi usimrudie mwanafunzi usoni hewa inatakiwa iingie kwenye mdomo wa kabati kwa kasi ya karibu nusu mita kwa sekunde. Kabati lenye upana wa mita 1.5, kioo ukikiinua nusu mita, eneo la mdomo ni mita za mraba 0.75, zidisha kwa hiyo kasi unapata mita za ujazo 0.375 kila sekunde, yani 1,350 kwa saa. Maabara ya mita 8 kwa 12 yenye dari ya mita 3.3 ina hewa ya mita za ujazo 317 hivi. Kabati moja tu linatoa nje hewa yote ya chumba zaidi ya mara nne kila saa! Sasa kama umefunga AC humo ndani ujue unalipia kupoza hewa ambayo dakika chache baadae inarushwa juu ya paa, na makabati yakiwa manne ndo AC zinakimbia kutwa nzima na chumba hakipoi.

Kwahiyo kabla mchoraji hajagusa kompyuta yake, kaa chini na lab teknishani. Sio mkuu wa idara peke yake, teknishani, yule anayeosha chupa na kupanga vifaa saa moja asubuhi, maana yeye ndo anajua ni majaribio gani kweli yanahitaji kabati, mara ngapi kwa wiki, na yapi yanaweza kufanyika kwa matone machache kwenye visahani vya plastiki badala ya bika zima. Kemia ya kiwango kidogo inafundisha vilevile kwa mambo mengi ya mwaka wa kwanza na wa pili, inapunguza kemikali, inapunguza taka, inapunguza moshi, na nimeona orodha ya makabati ikishuka nusu nzima baada ya kikao kimoja cha namna hiyo.

Alafu gawanya vyumba vyote mafungu matatu. Vyumba vinavyoweza kuishi kwa upepo na feni: madarasa, maabara ya fizikia, maabara ya baiolojia, ofisi, sehemu kubwa ya kemia. Vyumba vinavyohitaji mashine ya kutoa hewa: chumba cha fyumu na stoo ya kemikali. Vyumba vinavyohitaji AC kweli kwa sababu ya kifaa na sio kwa sababu ya mtu: chumba cha mizani, chumba cha spektrofotomita (kifaa cha kupima mwanga unaopita kwenye kimiminika) na ndugu zake, seva. Fungu la tatu lifanye dogo, likae katikati ya jengo au upande wenye kivuli, dari ishushwe, kuta zizibwe vizuri. Ukishindwa kufanya mgawanyo huu ukasema jengo zima liwe na AC tu basi yote mengine ntakayosema hayatakuokoa.

Chumba cha fyumu kiwe peke yake

Hapa naomba nikae kidogo maana ndo mahali ambapo michoro mingi inakosea. Upepo wa dirishani na fyumu chemba hawapatani. Upepo wa kusi ukipiga moja kwa moja mbele ya kabati, au feni ya dari ikizunguka juu yake, ule mtiririko wa nusu mita kwa sekunde unavurugika na moshi unatoka nje ya kabati kumfuata mtu. Ndo maana wengine wanasema basi maabara ya kemia lazima ifungwe na iwekwe AC. Sio lazima. Weka chumba kidogo pembeni ya maabara, kimetengwa kwa ukuta wa kioo kuanzia usawa wa meza ili mwalimu aone kila kitu, makabati yote yakae humo, hakuna dirisha la kufungua wala feni ya dari. Hewa ya kuziba pengo inaingia kutoka maabara kupitia luva (vibao vyenye nafasi za kupitisha hewa) zilizo chini ya mlango na ukutani, hizo luva ziwe kubwa za kutosha maana chumba kikikosa hewa ya kuingia feni itaunguruma tu bila kuvuta chochote. Maabara kubwa yenyewe inabaki na madirisha wazi pande zote mbili na watu 40 wanapumua vizuri bila AC.

Feni ya kufyonza ikae juu ya paa, sio ndani ya dari, ili bomba lote likiwa ndani ya jengo liwe linavuta na sio linasukuma, likipasuka mahali litaingiza hewa na sio kumwaga moshi darasani. Bomba lipande wima kwenye shafti, yani njia ya mabomba, kona chache iwezekanavyo, litokeze juu ya paa kama mita 3 hivi na lisiwe na kile kikofia cha kuzuia mvua maana kinaurudisha moshi chini. Pwani bomba la bati halidumu, tindikali ndani na chumvi ya bahari nje, chukua la plastiki inayostahimili kemikali. Na feni iwe na swichi mbele ya kabati yenye taa ili isiachwe inazunguka usiku kucha.

Kemia iwe ghorofa gani? Juu kabisa bomba linakuwa fupi na umeme wa feni unapungua, ila chupa za tindikali zitapandishwa ngazi na watu. Kama jengo halina lifti mimi nachagua kemia iwe chini, mwisho wa jengo, na shafti inapanda nje ya ukuta. Fizikia nayo chini kwa sababu ya mitikisiko na vifaa vizito, baiolojia inaweza kwenda juu bila tabu.

Jua, upepo na paa

Dar iko karibu nyuzi 6.8 kusini mwa ikweta, kwahiyo jua la mchana wa Juni liko upande wa kaskazini na linakuwa juu nyuzi kama 60, la Desemba liko kusini nyuzi kama 73. Maana yake jengo lilale mashariki hadi magharibi, madirisha yaangalie kaskazini na kusini. Dirisha lenye kimo cha mita 1.5 upande wa kusini linakingwa na kivuli cha nusu mita hivi, upande wa kaskazini unataka kama sentimita 90, na hapo ndo ninapoweka baraza la mita 2 la kupitia watu, linakinga jua la Juni, linakinga mvua, na wanafunzi wanapata pa kukaa wakisubiri praktiko. Ukuta wa mashariki na magharibi usiwe na dirisha la maana, jua la saa kumi jioni linaingia chini kabisa hakuna kivuli kinacholizuia. Weka ngazi, vyoo na shafti upande wa magharibi zipokee hilo joto. Stoo ya kemikali usiiweke huko hata kidogo, etha na asetoni na ukuta wa moto ni hatari.

Bahati nzuri pwani upepo wenyewe umepangika, kaskazi unakuja toka kaskazini mashariki na kusi toka kusini mashariki, kwahiyo muda mwingi wa mwaka upande wa magharibi ndo upepo unakoelekea. Kemia ikikaa huko mwisho moshi wake haupiti kwenye madirisha ya wenzake.

Jengo liwe jembamba, chumba kimoja na baraza basi, upana wa chumba mita 8 au 9, usiweke korido katikati yenye vyumba pande zote kwa sababu hapo upepo umeukata na mwanga umeukata. Majengo ya zamani ya pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yale ya miaka ya 60, nenda kayaangalie kwa makini: membamba, yamekaa juu ya kilima yakipokea upepo, na zege la kukinga jua kwenye madirisha. Hawakutegemea mashine ya kupoza jengo zima, ikabidi wafikiri.

Madirisha ya aluminiamu ya kusukuma pembeni yamekuwa fasheni ila kumbuka yanafunguka nusu tu, umelipia dirisha zima unapata upepo wa nusu dirisha. Chukua ya kufunguka kama mlango au ya luva. Na ukiweka wavu wa mbu, ambao pwani lazima uweke, upepo unapungua tena, kwahiyo ongeza ukubwa wa dirisha. Kwenye maabara yenye majiko ya gesi gawa dirisha mara mbili, la chini lifungwe wakati wa kuwasha moto usiyumbe, la juu karibu na dari libaki wazi joto litoke. Watu 40 peke yao wanatoa joto la kilowati 4 hivi, ni sawa na pasi nne za umeme zimewashwa humo ndani, bado hujawasha jiko. Feni ya dari inakula wati 60 mpaka 75, AC ya BTU 24,000 inakula karibu kilowati 2.

Paa sasa. Najua wengi wanapenda yale mapaa ya kuficha nyuma ya ukuta, ila kwa jengo hili nakataa, unapoteza kivuli cha ukutani na mfereji uliofichwa ukiziba masika maji yanaingia kwenye dari, juu ya vifaa vya mamilioni. Paa lichomoze, liwe la rangi nyeupe au ya kung'aa, na kati ya bati na dari kuwe na nafasi ya hewa kupita pamoja na tabaka la kuzuia joto. Hilo tabaka lina kazi ya pili ambayo watu wanaisahau: mvua ya masika ikipiga kwenye bati tupu mwalimu hasikiki, kipindi kinakufa, na hakuna spika itakayosaidia.

Kuta tumia tofali za kufungamana za udongo na saruji kidogo kama udongo wa eneo unafaa, NHBRA, wakala wa serikali wa utafiti wa nyumba, walizifanyia kazi miaka mingi. Hazichomwi kwahiyo hukati miti, na plasta inapungua.

Tahadhari moja kuhusu kuiga. Nairobi kuna mambo mazuri sana, maktaba ya Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki ina hewa inayopozwa kwa kupita kwenye mawe, ofisi za Umoja wa Mataifa pale Gigiri zilifunguliwa 2011 zikiwa na sola za kilowati 515, Chuo Kikuu cha Strathmore wakaweka kilowati 600 mwaka 2014. Lakini mawe yanafanya kazi kwa sababu usiku wa Nairobi ni baridi, mawe yanapoa. Dar mwezi wa pili usiku uko nyuzi 25 na unyevu juu, mawe yatabaki na joto lake na pengine ukungu juu. Mfano ulio karibu na sisi kwa joto ni kampasi ya Startup Lions kule Turkana, ya 2021, kazi ya mbunifu majengo Francis Kéré, ile minara mirefu inatoa hewa ya moto juu na hewa ya chini inaingia kwa kivuli. Turkana ni kukavu na pwani ni kunyevu, ila wazo la kutoa joto kwa juu bila mashine linahamishika.

Maji, na taka ambazo hazionekani

Paa la mita 15 kwa 40 ni mita za mraba 600. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, Dar inapata kama milimita 1,100 kwa mwaka, toa asilimia 20 ya kupotea, unabaki na lita 528,000 kwa mwaka. Tenki la lita 50,000 linajaa kwa mvua ya milimita kama 104, wiki mbaya ya Aprili inatosha. Weka bomba la kumwaga maji ya kwanza yanayoosha vumbi la bati, alafu mengine yaingie tenki.

Hayo maji yana thamani kubwa kuliko kuflashi choo. Visima vingi vya pwani ni vya chumvi, ukivilisha kwenye distila (mashine ya kusafisha maji kwa kuyachemsha na kupoza mvuke) ndani ya muda mfupi hita imevaa gamba jeupe na inakula umeme mwingi kutoa maji kidogo. Maji ya mvua hayana hizo chumvi. Na distila yenyewe iangalie vizuri siku ukipita maabara yoyote: kuna kibomba kidogo pembeni kinamwaga maji ya vuguvugu kwenye sinki mfululizo, hayo ni maji safi ya kupoza mvuke, lita nyingi sana zinapotea kupata lita moja ya maji ya distili. Dawa ni bomba la mita chache na pampu ndogo ya kuyarudisha tenkini. Kwenye BOQ, ile orodha ya kazi na bei za ujenzi, ni mstari mmoja, ila usipouandika mwanzoni hakuna atakayeurudia baadae.

Mabomba ya kutoa taka ya maabara yawe ya plastiki ngumu, HDPE au polipropilini, sio chuma, na yasiungane na ya vyoo kabla ya kupita kwenye shimo la kutuliza tindikali. Shimo lenyewe ni rahisi, chemba iliyojazwa mawe ya chokaa yaliyopondwa, na pwani tunayo, eneo la Wazo limejaa chokaa. Tindikali inakula chokaa inatulia, kila muhula teknishani anafungua mfuniko anaangalia mawe yamepungua kiasi gani anaongeza. Ukiruka hatua hii tindikali inaenda septiki, inaua bakteria, na septiki iliyokufa haichakati kitu. Ila chokaa haiondoi zebaki wala risasi wala viyeyusho, hivyo vikusanywe kwenye vyombo vyenye lebo na stoo iwe na nafasi yake kabisa, kwenye mchoro, sio kona ya ngazi. Stoo itoe hewa kwa chini karibu na sakafu kwa sababu mivuke mingi ya viyeyusho ni mizito kuliko hewa. Mitungi ya gesi ikae nje kwenye kibanda cha wavu.

Sola sasa

Ukishafanya yote hayo mzigo umeshakuwa mdogo na sola inakuwa na maana. Maabara zinafanya kazi mchana, jua liko mchana, kwahiyo betri kubwa huhitaji, weka betri kwa ajili ya friji, seva na taa za dharura tu. Kilowati 1 ya paneli Dar inakupa kama kWh 4 kwa siku kwa wastani, kilowati 30 ni paneli 55 hivi za wati 550, na zinakaa kwenye mita za mraba kama 145 za paa lako. Likizo ndefu chuo kinapofungwa paneli zinaendelea kuzalisha, kwahiyo unganisha na gridi ndogo ya kampasi zisaidie ofisi na hosteli. Inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa sola uwe wa kutumika kwenye jengo, isikae juani. Na kabla hujakubali aina yoyote ya inveta, pampu au feni, uliza spea zake zinapatikana Kariakoo au lazima ziagizwe, jibu likiwa ziagizwe tafuta nyingine.

Kila maabara iwe na mita yake ndogo ya umeme na ya maji, mahali ambapo mwanafunzi anaona. Wanafunzi wa fizikia wanaweza kusoma hizo mita kila wiki kama praktiko halisi, na chuo kinapata takwimu zake bure. Kama mnataka cheti, EDGE, cheti cha majengo ya kijani, wanataka angalau asilimia 20 ya kuokoa kwenye nishati, maji na vifaa vya ujenzi, na jengo lililopangwa namna hii halihangaiki kufika hapo.

Zabuni na makabidhiano

Watu wa mazingira, wa usalama kazini (OSHA) na Zimamoto waone michoro mapema, mkishajenga ndo mnaambiwa mlango wa pili wa kutokea unakosekana mtavunja ukuta mpya. Rampu iwe 1 kwa 12, yani mita 1 ya kupanda kwa kila mita 12 za urefu, na angalau meza moja kila maabara iwe ya chini kwa anayetumia kiti cha magurudumu, na sinki lake lifikike.

Kwenye mkataba andikeni kwamba mkandarasi anafundisha mafundi wa chuo na anaacha kitabu cha matumizi kwa Kiswahili, chenye picha, cha feni, pampu, shimo la chokaa na sola. Siku ya makabidhiano msiridhike na hotuba. Washeni fyumu chemba zote kwa pamoja, madirisha ya maabara yakiwa wazi na upepo unapuliza, mshike kipande cha tishu kwenye mdomo wa kila kabati muone kinavutwa ndani, kisha pimeni kasi ya hewa kwa anemomita (kipima upepo) kwenye pointi kadhaa za mdomo. Mwageni maji juu ya paa kwa mpira muone mfereji unapokea. Kabati lolote ambalo tishu inasita au inarudi nje, retensheni, ile hela ya mkandarasi mnayoishikilia, isilipwe mpaka lirekebishwe na lipimwe tena, na teknishani awepo asaini yeye mwenyewe.